Baridi yabisi na utengamao wa viungo katika Meru na Embu

Baridi yabisi ni jina la jumla la maradhi yanayoumiza, kuvimbisha na kukakamaza viungo vya mwili. Katika kaunti za Meru na Embu, zilizo upande wa mashariki wa Mlima Kenya, jina hilo lenyewe huwapotosha wengi, kwa kuwa humfanya mgonjwa aone kuwa chanzo ni ukungu na kipupwe cha Julai, ilhali baridi huweza kuzidisha maumivu bila kuuzaa ugonjwa. Aina iliyoenea zaidi ni osteoathritisi, ambapo gegedu, yaani tishu telezi inayofunika ncha za mifupa, hulika na kiungo hupoteza ulaini wake. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa watu milioni 528 walikuwa nayo mwaka wa 2019, wengi wao wakiugua goti. Athritisi ya rumatoidi, ambapo kinga ya mwili hushambulia utando wa ndani wa viungo, ni adimu kuliko hiyo, lakini huwapata hata vijana na huweza kuwapinda vidole wasipoanza mapema dawa kama methotrekseti.

Utengamao ni huduma zinazomrudishia mtu uwezo wa kutenda shughuli zake za kila siku, au kumzuia asiupoteze. Huduma hizo hutegemea zaidi idara za fiziotherapia na tiba kazi katika hospitali kubwa, zikiwemo Hospitali ya Rufaa na Mafunzo ya Meru na ile ya Embu, ambazo tangu ugatuzi wa 2013 zimo mikononi mwa serikali za kaunti. Idara za namna hii huwahudumia pia majeruhi wa bodaboda na waliopooza kwa kiharusi, na ni rahisi mwenye goti bovu, ambaye ugonjwa wake hauui, kuonekana kuwa anaweza kusubiri.

Msingi wa tiba ya goti si dawa bali mazoezi ya kuimarisha misuli ya paja, pamoja na kupunguza uzito kwa aliyenenepa. Ushauri wa kupumzika tu, unaopendwa sana majumbani, hudhoofisha misuli hiyo na kukiacha kiungo bila mhimili. Hata hivyo, zoezi linalofanyika vizuri kwenye sakafu ya hospitali hukutana na mitihani mingine nyumbani: mashamba ya majani chai na kahawa yaliyo kwenye miteremko, mzigo wa kuni unaobebwa mgongoni kwa kamba iliyopitishwa kichwani, ng'ombe wa kukamuliwa kwa mkono kila alfajiri, na choo cha shimo kinachomlazimu mtu kuchuchumaa. Hapa ndipo tiba kazi, yaani ufundi wa kuilinganisha kazi na mwili wa mgonjwa, huwa na faida kubwa kuliko sifa inayopewa: mpini wa jembe ukinenepeshwa kwa mpira wa ndani wa baiskeli hauhitaji kukamatwa kwa nguvu nyingi, na kiti cha mbao chenye tundu juu ya shimo la choo humwondolea mgonjwa adha ya kuchuchumaa.

Utafiti wa maradhi haya nchini Kenya umeelemea kliniki za Nairobi. Hatua iliyovuka mji mkuu ni mradi wa UWEZO, ambao wataalamu wa Kenya, Uingereza na Uswidi waliuendesha katika miaka ya 2010 ili kuwafundisha madaktari na maafisa wa kliniki uchunguzi mfupi wa mwendo, mikono, miguu na uti wa mgongo. Linalobaki gumu ni namna ya kupima nafuu. Dodoso la WOMAC, lililobuniwa Kanada katika miaka ya 1980 na ambalo hutumika sana duniani, lina maswali 24, na miongoni mwake mgonjwa huulizwa anavyopanda na kushuka ngazi, anavyoingia na kutoka katika beseni la kuogea, na anavyovaa soksi. Kulitafsiri kwa Kimeru au Kiembu hakutoshi, kwa kuwa mkulima wa Igembe au Runyenjes anayeishi katika nyumba isiyo na ghorofa na kuogea karai hawezi kujibu maswali hayo kwa maana iliyokusudiwa, wala dodoso halimuulizi kama ameteremka hadi mtoni na kupanda tena akiwa na mtungi wa maji.