Joule, chuma na swali la dogo

Wadau, nimepotea kidogo, tesiti zilinibana. TP iliyopita niliwaambia Form Three kwamba mwaka 1842 James Joule aligundua chuma kikitiwa usumaku kinarefuka, kidogo mno, kwa macho huoni. Dogo mmoja akauliza, "Sasa mwalimu, inasaidia nini?" Nikamfokea akae chini.

Juzi ndo nimesoma. Mwaka 1865 Emilio Villari alionyesha kinyume chake: ukivuta chuma chenye usumaku, usumaku wake unabadilika. Baadhi ya vihisi vya mtikisiko vinatumia hilohilo. Miaka ya 1970 watafiti wa jeshi la majini la Marekani wakatengeneza Terfenol-D, aloi ya chuma, terbiamu na disprosiamu, inayorefuka mara nyingi kuliko chuma.

Kumbe jibu lilikuwepo, mimi ndo sikulijua. Nikipangiwa shule ileile namwomba radhi mbele ya wenzake. Tupo pamoja!