Neno la Wiki: Mdhamini au mpendekezaji?

Kijana niliyemfundisha zamani ameniandikia: "Shikamoo mwalimu, naomba uwe mdhamini wangu, naomba nafasi ya shahada ya pili." Nilishtuka. Mdhamini ni mtu anayeweka dhamana: husaini mahakamani ili mshtakiwa atoke, au benki, na mkopaji akitoroka deni humwangukia yeye. Neno tulilitoa kwenye Kiarabu na uzito wake wote. Kijana wangu alitaka barua tu.

Kosa si lake. Matangazo ya kazi nayo hudai "wadhamini watatu", ilhali hakuna anayetakiwa kulipa chochote. Wakenya hufundishana mrejelewa, yaani mtu wa kuulizwa habari za mwombaji, nami nalipenda neno hilo. Anayeandika barua ni mpendekezaji, na barua yenyewe ni ya mapendekezo. Pendekeza limezaliwa na penda: ni kumfanya mtu apendeke machoni pa asiyemjua. Ndiyo maana huandikwa na aliyeona kazi zako, akataja alichokiona. Tusiichanganye na barua ya utambulisho, ile ya serikali ya mtaa yenye mhuri, inayosema tu kwamba fulani ni mkazi wetu. Hiyo utapewa hata na mtendaji ambaye hamjawahi kuzungumza naye.

Basi ombeni hivi: "Naomba uniandikie barua ya mapendekezo," kisha mseme ni ya nini, inakwenda kwa nani na mwisho wake ni lini. Kijana nilimjibu hivyo. Jioni alinitumia matokeo yake na tarehe, nikaanza kuandika.