Pua Iliyowaponza: Waliitwa Walevi, Kumbe Wagonjwa

Kwenye jumba la makumbusho la Louvre, Paris, kuna mchoro wa babu mmoja aliyevaa joho jekundu. Amempakata mjukuu wake, na dogo anamtazama usoni huku mkono kauweka kifuani kwa babu. Kinachowasimamisha watu pale ni pua ya babu: imevimba na kujaa vinundu kama tangawizi. Aliyechora ni Domenico Ghirlandaio wa Florence, karibu mwaka 1490. Mzee mwenyewe ni nani? Mpaka leo hajulikani. Miaka zaidi ya 500 watu wanaijua pua, mwenye pua hawamjui.

Zingatia kitu kimoja. Ghirlandaio angeweza kuipunguza pua ile kwa brashi tu, kama watu wanavyojipaka "filter" siku hizi. Hakufanya hivyo. Na yule mtoto haonyeshi kujali kabisa. Waliokuja baadaye ndio walioigeuza pua ya namna hii kuwa kesi.

Ni ugonjwa gani?

Unaitwa rinofima. Ni hatua ya mbali ya rosasia, ugonjwa wa ngozi unaoanza na uso kuwa mwekundu, kuwaka moto na kutoa vipele vinavyofanana na chunusi. Kwa baadhi ya watu, tezi za mafuta za puani hukua kupita kiasi, ngozi inakuwa nene, matundu yake yanatanuka, na pua inapoteza umbo taratibu. Huwapata zaidi wanaume, hasa wakishavuka miaka 50. Hauambukizi hata kidogo. Jina la rinofima lilitolewa na daktari Ferdinand von Hebra wa Vienna mwaka 1845, kutokana na maneno ya Kigiriki yenye maana ya pua na uvimbe.

Mtaani jina lilikuwa jingine: pua ya pombe. Hapo ndipo watu walipoanza kuumia.

Bosi aliyeogopa kamera

Mwanzoni mwa karne ya 20, New York kulikuwa na tajiri mmoja wa benki. Wanaofuatilia stori za Wall Street wameshamjua. Jamaa alikuwa na pesa za kuokoa masoko ya hisa, lakini kamera ilimshinda. Picha zake rasmi zilirekebishwa puani kabla ya kutoka, na ipo picha maarufu akiwa ameinua fimbo kumtimua mpiga picha barabarani. Fedha zote zile, na bado pua ilimfanya ajifiche.

Miaka ya 1930, Hollywood nako kukawa na mchekeshaji mwenye pua kubwa nyekundu. Huyu hakujificha, aliifanya pua kuwa mtaji. Tatizo ni kwamba alikuwa pia mnywaji kweli, na vichekesho vyake vingi vilihusu chupa. Watu wakacheka, na imani ikazidi kuota mizizi: ukiona pua ya hivyo, huyo ni mlevi.

Ukweli ni huu: pombe inaweza kuchochea rosasia, kama linavyofanya jua kali, chai ya moto au pilipili. Lakini wapo watu ambao hawajawahi kuonja hata tone na pua ikawabadilika. Fikiria mzee wa kanisani au hajji anayeangaliwa vibaya kila anapopita, kwa kosa ambalo hajalifanya.

Kutoka kisu hadi leza

Dawa ya kwanza ya maana ilikuwa kisu. Madaktari wa Ulaya walichonga nyama iliyozidi, na katika karne ya 19 upasuaji huo ulishika kasi. Kazi haikuwa rahisi, maana pua ina mishipa mingi ya damu. Ila kulikuwa na siri moja nzuri: ukiichonga bila kwenda chini sana, mizizi ya tezi za mafuta inabaki, na ngozi mpya inaota kutokea humohumo. Ukipitiliza, linabaki kovu. Ufundi wote ni kujua pa kuishia.

Mwaka 1964 mwanafizikia Kumar Patel aligundua leza ya kaboni dioksidi huko Marekani. Baadaye madaktari waliichukua kwa kazi hii, kwa kuwa inakata huku ikiziba mishipa midogo ya damu. Leo daktari anachagua kati ya kisu, leza, waya wa umeme au mashine ya kusugua ngozi, mara nyingi kwa sindano ya ganzi tu. Nyama iliyotolewa inaweza kupelekwa maabara, kwa sababu mara chache saratani ya ngozi hujificha humo.

Vidonge na krimu vina kazi yake pia, ila ni mapema. Dawa kama doksisaiklini au krimu ya metronidazoli hutuliza rosasia, lakini pua ikishakuwa nene hazirudishi umbo la zamani.

Kwa ngozi nyeusi

Vitabu vingi vimefundisha kutafuta wekundu, na kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani kirahisi. Ndiyo maana wengi hugundulika wakiwa wamechelewa, baada ya kutibiwa chunusi miaka na miaka. Dalili za kushika ni uso kuwaka, kuchoma ukipaka kitu chochote, na vipele visivyoisha ukubwani.

Halafu kuna mkorogo. Krimu zenye steroidi, zinazouzwa kama za kung'arisha, zinaweza zenyewe kuleta uso wa namna ya rosasia. Mtu anapaka, uso unatulia. Akiacha, unalipuka, anarudi kupaka tena. Mzunguko huo unahitaji daktari wa ngozi, siyo duka jingine la vipodozi. Na Afrika Mashariki wataalamu wapo: kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi pale KCMC, Moshi, kimefundisha madaktari wa kanda hii tangu miaka ya 1990.

Babu wa Louvre hakupata leza wala krimu. Alichopata ni mtoto aliyemtazama bila kumhukumu, na hicho hakihitaji daktari. Kabla ya kuandika "huyu atakuwa mnywaji" chini ya picha ya mtu, mkumbuke yule dogo.

Je, kuna mtu unayemfahamu aliyewahi kuitwa mlevi kwa sababu ya pua tu? Komenti ziko wazi hapo chini, bila kutaja majina.