Msichana wa Steventon na Riwaya Zilizodharauliwa: Usomaji wa Ujanani katika Historia ya Riwaya

Utangulizi

Yako mazoea ya siku nyingi ya kuvigawa vitabu katika mafungu mawili: vitabu vya kusomwa kwa faida na vitabu vya kusomwa kwa anasa. Vile vya kwanza hutiwa katika mitaala na kuhakikiwa darasani. Vile vya pili hufichwa chini ya mto wa kulalia. Riwaya ya mapenzi, hasa inapoonekana mikononi mwa msichana wa miaka 14 au 15, huhesabiwa katika fungu la pili bila ya mjadala, na si mara chache mwalimu hujiona ana wajibu wa kumpokonya.

Makala haya yanakusudia kuuchunguza msimamo huo kwa njia ya historia. Mfano uliochaguliwa ni wa Jane Austen, mwandishi wa Kiingereza aliyezaliwa Steventon, katika jimbo la Hampshire, tarehe 16 Desemba 1775. Sababu ya kumchagua ni kwamba leo kazi zake zimo katika orodha ya fasihi bora kila panaposomwa Kiingereza, ilhali yeye mwenyewe katika ujana wake alikuwa msomaji mkubwa wa riwaya ambazo wakubwa wa zama zake walizihesabu kuwa takataka. Hoja itakayotetewa ni kwamba kwa msomaji huyu vitabu vilivyotukuzwa na vitabu vilivyodharauliwa vilikuwa chakula cha sahani moja, na kwamba umbo la riwaya zake haliwezi kufahamika vyema pasipo kuvitazama vyote viwili.

Nyumba, Maktaba na Malipo ya Kusoma

Baba yake Austen, George Austen, alikuwa kasisi wa kijiji aliyeongeza pato lake kwa kuwafundisha wavulana nyumbani mwake. Hakuwa tajiri, lakini alikuwa mtu wa vitabu: alipohama Steventon mwaka 1801 alikuwa na zaidi ya vitabu 500 vya kuuzwa. Jane na dada yake Cassandra walipelekwa shule kwa muda mfupi tu, na kabla ya kutimia miaka 12 Jane alikwisha kurudi nyumbani moja kwa moja. Kuanzia hapo shule yake ilikuwa rafu za baba yake, na yaelekea hakukuwa na mlango wa rafu uliofungwa kwa ajili yake. Ndugu yake Henry, alipoandika habari za maisha yake baada ya kifo chake, alitaja kwamba katika waandishi wa maadili aliowapenda ni Samuel Johnson katika nathari na William Cowper katika ushairi. Mpwa wake naye, katika kumbukumbu aliyoichapisha mwishoni mwa 1869, alieleza jinsi shangazi huyo alivyoijua kwa undani riwaya ndefu ya Samuel Richardson iitwayo Sir Charles Grandison, iliyotoka mwaka 1753 na 1754.

Lakini rafu za kasisi hazikutosha. Katika zama hizo bei ya riwaya ilikuwa kubwa. Riwaya ya kwanza ya Austen mwenyewe kuchapishwa, Sense and Sensibility, iliuzwa kwa shilingi 15 mwaka 1811, kiasi ambacho mtumishi wa nyumbani hangeweza kukitoa kwa kitabu kimoja. Kwa hiyo wasomaji wengi walitegemea maktaba za kuazima kwa ada. Maktaba hizo ndizo zilizoieneza riwaya Uingereza, na ndizo zilizompa mchapishaji kama William Lane wa London, mwenye matbaa ya Minerva katika mtaa wa Leadenhall, soko la riwaya za mapenzi na za kutisha alizozitoa kwa wingi tangu miaka ya 1790. Yafaa ikumbukwe, basi, kwamba dharau iliyoelekezwa kwa riwaya hizo haikuwa dharau ya kifasihi tu. Ilikuwa pia dharau ya kitabaka na ya kijinsia: vitabu hivi viliazimwa badala ya kumilikiwa, wasomaji wake wengi walikuwa wanawake, na waandishi wake wengi walikuwa wanawake pia.

Hofu ya Wakubwa

Wakubwa waliingiwa na hofu, na hofu hiyo iliandikwa. Mhubiri James Fordyce alitoa mwaka 1766 mkusanyo wa hotuba kwa wanawake vijana, na humo akazilaani riwaya nyingi za wakati wake kuwa zinapotosha mwenendo wa msichana. Wala hofu haikuwa ya wahubiri peke yao. Mary Wollstonecraft, aliyetetea haki za wanawake katika kitabu chake cha mwaka 1792, naye alizilaumu riwaya kwa kuwalea wanawake katika mihemko badala ya fikira. Hata hivyo kuna tofauti kubwa kati ya hao wawili. Fordyce alitaka msichana alindwe asisome. Wollstonecraft alitaka msichana asome zaidi ya hapo, na akakiri kwamba usomaji wa aina yoyote ni afadhali kuliko akili kuachwa tupu.

Msomaji wa Kiswahili hawezi kusoma habari za Fordyce asikumbuke kwamba pwani ya Afrika Mashariki nayo ina maandishi yaliyoelekezwa kwa binti kijana. Utenzi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858, ni wasia wa mama mgonjwa kwa binti yake. Lakini ulinganisho una mipaka yake. Fordyce ni mwanamume anayewahutubia wasichana wa watu. Mwana Kupona ni mama anayesema na mwanawe, na wasia wake umedumu kwa sababu ni utenzi mzuri kabla haujawa mafundisho. Funzo lililo wazi ni kwamba kijana huyapokea maadili yanapomjia katika umbo la sanaa, na huyakimbia yanapomjia kama kemeo.

Austen mwenyewe alilithibitisha jambo hilo kwa kicheko. Katika Pride and Prejudice (1813) mgeni aitwaye Collins anakabidhiwa riwaya awasomee wasichana wa nyumba, anarudi nyuma kwa mshtuko, na badala yake anachagua hotuba za Fordyce. Hajamaliza hata kurasa tatu kabla binti mdogo wa nyumba hiyo hajamkatiza kwa porojo za wanajeshi.

Kucheka Kile Unachokipenda

Ushahidi ulio bora kabisa wa usomaji wa Austen ujanani ni maandishi yake ya wakati huo. Kati ya mwaka 1787 na 1793, yaani tangu alipokuwa na umri wa miaka 11 au 12 hadi 17, alitunga hadithi fupi, michezo na barua za kubuni, kisha akazinakili katika madaftari 3 ambayo yamehifadhiwa hadi sasa. Hadithi iliyo mashuhuri zaidi, Love and Freindship, aliimaliza mwezi Juni 1790, akiwa na miaka 14. Neno la pili la anwani hiyo liliandikwa kwa tahajia yake mwenyewe. Humo wasichana wawili huzimia kwa zamu juu ya kochi kila wapatwapo na huzuni, mpaka mmoja wao anapatwa na baridi kwa kuzimia nje kwenye umande na kufa kwayo. Kabla ya kukata roho anamwusia mwenzake ajihadhari na kuzimia. Wazimu una nafuu, kwani huufanyisha mwili mazoezi.

Baadhi ya watu wangeweza kusema kwamba maandishi haya yaonyesha msichana aliyezidharau riwaya za mapenzi. Rai hiyo haisimami. Mtu hawezi kuigiza kwa usahihi kiasi hicho mtindo asioujua, wala hawezi kuujua mtindo kiasi hicho bila ya kuusoma kwa shauku. Kila kipengele kimo: barua za siri, baba mkatili, mapenzi ya mara moja, ndoa ya haraka, ajali ya gari la farasi. Kicheko chake ni cha mtu wa nyumbani, si cha mgeni anayechungulia dirishani. Na ushahidi wa nje waunga mkono jambo hili. Mwaka 1796, Frances Burney alipotoa riwaya yake Camilla kwa njia ya kuchangisha wanunuzi mapema, jina la binti Austen wa Steventon lilichapishwa katika orodha ya waliolipa. Katika barua ya Desemba 1798 alimweleza dada yake, bila ya haya, kwamba jamaa yao ni wasomaji wakubwa wa riwaya. Miezi miwili kabla ya hapo alikuwa amemwandikia kwamba baba yao, kasisi yule yule, alikuwa akisoma riwaya ya kutisha ya The Midnight Bell iliyoazimwa maktabani.

Vitabu vya heshima navyo havikuepuka kicheko hicho. Mwaka 1791 aliandika historia fupi ya Uingereza kwa kuikejeli ile ya Oliver Goldsmith iliyotumika kufundishia watoto, na Cassandra akaichorea picha za wafalme. Hapa ndipo penye kiini cha mambo. Msichana huyu hakuwa na mizani miwili, mmoja wa kupimia vitabu vya darasani na mwingine wa vitabu vya anasa. Alikuwa na mizani mmoja tu: je, kitabu hiki chasema kweli juu ya watu?

Catherine na Kabati

Matunda ya usomaji huo yanaonekana wazi katika Northanger Abbey, aliyoiandika mnamo mwaka 1798 na 1799. Mhusika mkuu, Catherine Morland, ana miaka 17 na amezama katika The Mysteries of Udolpho, riwaya ya Ann Radcliffe ya mwaka 1794. Rafiki yake anamtajia riwaya nyingine 7 za kutisha za kusoma baadaye. Kwa muda mrefu baadhi ya wasomaji walidhani majina hayo 7 ni ya kubuniwa, mpaka Michael Sadleir alipoonyesha, katika kijitabu cha mwaka 1927, kwamba vitabu vyote vilikuwapo. Huo ndio mwisho wa vitabu vilivyodharauliwa: kizazi kilichofuata hakikuamini hata kama viliwahi kuwako.

Akiwa mgeni katika jumba la Jenerali Tilney, Catherine anafungua kabati usiku akitaraji hati ya siri, na asubuhi anagundua kuwa ameshika orodha ya nguo za dobi. Kisha anamshuku Jenerali kuwa alimuua mkewe, na anaaibika akosolewapo. Mhakiki wa haraka ataishia hapo na kusema: tazama madhara ya riwaya. Lakini kisa hakiishii hapo. Jenerali yule yule, mara ajuapo kwamba Catherine hana utajiri alioudhania, anamfukuza asafiri peke yake bila hata kumpa mtumishi. Catherine alikosea juu ya tendo, lakini hakukosea juu ya mtu. Riwaya zilimfundisha kwamba nyumbani mwa mwanamume mwenye mamlaka mnaweza kukaa ukatili. Kilichombakilia kujifunza ni kwamba ukatili huo hauhitaji sumu wala shimo la giza, bali watosha kwa hesabu ya fedha. Ndiyo sababu katika riwaya hiyo Austen anakatiza masimulizi na kuitetea fani ya riwaya waziwazi, akiwalaumu waandishi wanaozidharau riwaya ilhali wao wenyewe huziandika.

Historia ya uchapishaji wa kitabu hicho yaonyesha gharama ya msimamo huo. Radcliffe alilipwa pauni 500 kwa Udolpho. Austen aliuza muswada wake mwaka 1803 kwa pauni 10. Mnunuzi akauweka bila ya kuuchapisha, mpaka ulipokombolewa mwaka 1816 kwa pauni 10 zile zile. Kitabu kilitoka mwishoni mwa 1817, miezi michache baada ya mwandishi kufariki tarehe 18 Julai mwaka huo.

Funzo kwa Fasihi ya Kiswahili

Mjadala huu si wa Uingereza pekee. Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi ilipotoka mwaka 1971, ilipigwa marufuku katika shule za Tanzania kwa jinsi ilivyoeleza mapenzi ya msichana aliyelelewa kwa ukali wa baba. Leo ni vigumu kufundisha historia ya riwaya ya Kiswahili bila ya kuitaja. Vitabu vya David Maillu, kama After 4.30 (1974), vilisomwa kwa pupa Kenya, vikalaumiwa na wahakiki, na vikapigwa marufuku Tanzania mwaka 1976. Haitoki katika mifano hii kwamba kila kitabu kinachopigwa marufuku ni bora. Kazi ya mhakiki ni kutenganisha pumba na mchele, na pumba ni nyingi. Linalotoka ni kwamba marufuku haijawahi kuifanya kazi hiyo kwa niaba ya mhakiki.

Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba Austen hakufika kwenye fasihi bora kwa kuiacha riwaya ya mapenzi, bali kwa kuisoma sana, kuicheka, na kuidai iseme kweli zaidi. Mambo matatu yalimwezesha: rafu iliyokuwa wazi, jamaa waliosoma naye bila ya kumwaibisha, na karatasi za kujibia kile alichokisoma. Mwanafunzi wa kawaida wa shule ya bweni ana la kwanza kwa taabu, la pili kwa nadra, na la tatu kwa ajili ya mtihani tu. Mwalimu anayempokonya msichana riwaya yake humwondolea kitabu kimoja. Akimwomba aandike kurasa mbili za kuikejeli, huenda akampa fani nzima. Wa kuaga mji haagi mara moja, na msomaji naye haihami riwaya ya ujana wake kwa siku moja. Muhimu ni kwamba awepo wa kumsindikiza.