Funza wa embe na baridi ya nyuzi 30: Historia ya karantini ya matunda yetu

Pasua embe dodo la Mzenga, wilayani Kisarawe, katikati ya msimu. Ganda linang'aa, halina doa, ila kuna kitobo kimoja kidogo kama cha ncha ya sindano. Ukibonyeza hapo, kidole kinazama. Ndani nyama imegeuka uji wa kahawia, na funza weupe, wembamba kuliko punje ya mchele, wanajikunja na kuruka juu ya kisu.

Mwenye tenga la maembe ya namna hiyo hana la kumwambia mchuuzi. Atauza kwa hasara au atamwaga. Lakini kosa halikuanzia kwenye mwembe wake. Lilianzia mpakani, zaidi ya miaka ishirini iliyopita.

Nzi wa matunda wa asili tulikuwa nao tangu zamani. Huyu anayetutesa sasa ni mgeni kutoka Asia. Mwaka 2003 aligunduliwa pwani ya Kenya, na mwaka huohuo akaonekana Tanzania. Mwaka 2005 wataalamu walimpa jina la Bactrocera invadens, yaani mvamizi. Baadaye ikathibitika kuwa ndiye Bactrocera dorsalis, anayejulikana Asia kwa miaka mingi. Nzi huyu havuki bahari kwa mbawa zake. Husafiri akiwa yai au funza ndani ya tunda, kwenye kontena au kwenye begi la msafiri. Akishafika, jike hutoboa ganda na kutaga. Funza hula nyama, huanguka chini, hujificha udongoni, kisha huibuka nzi mpya.

Hakuwa mgeni wa kwanza. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, maghala ya mahindi ya Tabora yalivamiwa na dumuzi kutoka Amerika ya Kati. Kwa kasi yake ya kusaga nafaka, wakulima walimbatiza jina la lori: Scania. Naye aliletwa na mizigo.

Dunia ilikuwa imeshajifunza kwa uchungu. Ugonjwa wa viazi ulileta njaa kubwa Ireland kuanzia mwaka 1845, na kutu ya majani iliangamiza kahawa ya Ceylon, Sri Lanka ya leo, kuanzia mwaka 1869. Ndipo mataifa yakaanza kutunga sheria za kukagua mimea bandarini, na mwaka 1951 yakakubaliana kuhusu Mkataba wa Kimataifa wa Kulinda Mimea.

Kwetu, kazi ya kuchunguza mimea ina mizizi Amani, kwenye milima ya Usambara, ambako Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti mwaka 1902. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia shughuli zilihamia Muguga, karibu na Nairobi, na hapo kikawepo kituo cha karantini cha Afrika Mashariki. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, Muguga ilibaki Kenya. Tanzania ikalazimika kujipanga upya, na jukumu hilo likaiangukia taasisi ya utafiti wa viuatilifu ya TPRI, Arusha. Ikaja Sheria ya Kulinda Mimea ya mwaka 1997, kisha Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020, iliyozaa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA. Leo anayeingiza matunda anahitaji kibali, na anayesafirisha nje anahitaji cheti cha afya ya mimea.

Ufa wa mwaka 2003 haukuzibwa, na gharama yake tuliiona sokoni. Mwaka 2007 Afrika Kusini ilifunga mlango kwa parachichi za Kenya kwa sababu ya nzi huyu. Mwaka 2014 Kenya yenyewe ilisimamisha kupeleka maembe Ulaya, na hayakurudi huko hadi mwaka 2021.

Hapo ndipo barafu ilipoingia. Mwaka 2019 China ilikubali parachichi za Kenya kwa sharti zito: zimenywe, zitolewe kokwa, zigandishwe kwa nyuzi 30 chini ya sifuri, kisha zitunzwe na kusafirishwa kwa nyuzi 18 chini ya sifuri. Sharti hilo lina sababu. Baridi kali huua yai na funza popote walipojificha ndani ya nyama. Kwa sababu hiyo kanuni ya kimataifa ya mwaka 2009 inashauri nchi zisiyawekee vikwazo vya karantini matunda yaliyogandishwa haraka na kubaki kwenye baridi hiyo safari nzima. Marekani nayo hupokea matunda yaliyogandishwa, ila hukataa pale ambapo mdudu wa huko yalikotoka hafi kwa baridi.

Lakini mtambo wa kugandisha ni mali ya wenye mitaji. Kampuni chache tu za Kenya ziliweza kutimiza sharti la China. Mkulima mdogo alibaki nje ya mlango uliofunguliwa kwa jina lake. Nafuu ilikuja mwaka 2022, China ilipokubali parachichi mbichi za Kenya chini ya ukaguzi wa mashamba na maghala, na Novemba mwaka huo Tanzania nayo ikatia saini makubaliano yake.

Mzenga inapitiwa na reli ya TAZARA, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, Zambia. Njia ya mizigo ni njia ya wadudu pia. Kwa hiyo msafiri, usivuke mpaka na tunda wala kipandikizi bila kibali, hata kama ni zawadi ya shangazi. Mkulima, usiache maembe yaliyooza chini ya mti. Yaokote, yafunge ndani ya mfuko wa plastiki yapikwe na jua, au yafukie kwenye shimo refu. Na wenye dhamana ya kilimo, tunaomba mitambo ya kugandisha ijengwe karibu na miembe ya Pwani, imilikiwe na vyama vya wakulima wenyewe. Funza hufa kwa baridi, na bila mitambo hiyo mkulima ataendelea kumwaga matenga.