Programu dhibiti: kusasisha si kuongeza nguvu

Programu dhibiti ni programu iliyohifadhiwa kwenye chipu ndogo ndani ya kifaa chenyewe, ili kifaa kijue la kufanya mara umeme unapoingia. Kwenye kompyuta mpakato ndiyo inayoamka kwanza, kabla ya Windows au Linux. Mafundi wengi huiita bayosi, wengine fimwea.

Neno lake la Kiingereza, firmware, lilitungwa na Ascher Opler mwaka 1967, katika makala aliyoiandika kwenye jarida la Datamation. Alikuwa akitafuta jina la kitu kilicho katikati ya maunzi na programu: maagizo ya ndani kabisa yanayoamua mashine itekeleze vipi amri zake. Kiswahili hakikufuata umbo la neno hilo, kilitazama kazi. Kudhibiti ni kukiweka kitu chini ya mamlaka yako, na istilahi hii inatufaa hasa tunapolijibu swali ambalo wanunuzi wa kompyuta zilizotumika huliuliza sana: nikisasisha programu dhibiti, nitaweza kuweka kichakataji chenye nguvu zaidi?

Tuanze na kinachotokea ukibonyeza swichi. Kichakataji, ambacho madukani huitwa prosesa, huchukua agizo lake la kwanza kutoka kwenye chipu ya programu dhibiti. Maagizo hayo hukitaka kijitambulishe, nacho hujibu kwa namba. Vichakataji vya Intel vya familia ya Sandy Bridge, vya mwaka 2011, hujibu 206A7. Vya Ivy Bridge, vilivyofuata mwaka 2012, hujibu 306A9. Programu dhibiti ikiifahamu namba hiyo, hukipa kichakataji marekebisho ya maagizo yake ya ndani, huiandaa kumbukumbu, kisha huukabidhi usukani kwa mfumo endeshi. Isipoifahamu, taa zinaweza kuwaka na feni kuzunguka huku kioo kikibaki cheusi.

Lenovo ThinkPad T420 ya mwaka 2011 inalionyesha jambo hili vizuri. Ni kompyuta ya ofisi, na nyingi zilitoka na Core i5-2520M, kichakataji chenye viini viwili na kiwango cha joto cha wati 35. Hakikulehemiwa kwenye bodi mama. Kimekaa kwenye soketi, na skrubu moja tu hukiachia. Ukiweka Core i7-2760QM yenye viini vinne, programu dhibiti ya kiwandani hukitambua kwa sababu ni cha familia ileile ya Sandy Bridge. Ila sasa kiwango ni wati 45, na joto la wati 10 zilizoongezeka litabebwa na feni ileile.

Ukitaka kuweka kichakataji cha Ivy Bridge, mambo hubadilika. Core i7-3632QM ina toleo linaloingia kwenye soketi hiyohiyo, lina viini vinne, na kiwango chake ni wati 35 kama kile cha awali. Maunzi yanaruhusu, lakini programu dhibiti ya kiwandani ya T420 haikiwashi. Ukiiondoa na kuweka coreboot, programu huria iliyoanza mwaka 1999 katika maabara ya Los Alamos nchini Marekani kwa jina la LinuxBIOS, kompyuta ileile huwaka ikiwa na kichakataji kipya. Kwa hiyo jibu ni ndiyo: programu dhibiti inaweza kufungua njia ya kichakataji bora. Ni kama bawabu mwenye orodha ya wageni: anaweza kuongeza jina, ila hawezi kuupanua mlango.

Mlango wenyewe ni soketi, saketi za bodi mama, umeme na uwezo wa kupoza, na katika kompyuta mpakato za leo mlango huo kwa kawaida umezibwa. Soketi za Intel za kompyuta mpakato ziliishia kwenye kizazi cha Haswell cha mwaka 2013. Vichakataji vya Broadwell vilivyofuata vililehemiwa moja kwa moja kwenye bodi. Hapo sasisho halina kichakataji cha kukikaribisha, na fundi atakayekubadilishia bodi mama nzima hajasasisha chochote, amekuuzia nusu ya kompyuta nyingine.

Ndiyo maana tunahitaji vitenzi viwili, kila kimoja na kazi yake. Kusasisha ni kukifanya kitu kiendane na wakati wa sasa; kuboresha ni kukipa ubora au uwezo kisichokuwa nao. Mwaka 2018, kasoro ya usalama ya vichakataji iitwayo Spectre ilipotangazwa, masasisho ya programu dhibiti yalibadilisha mwenendo wa vichakataji ili kuvikinga. Usalama uliongezeka, lakini kwa baadhi ya kazi kasi ilipungua. Hata Intel ilipouza, kuanzia mwaka 2010, kadi ya dola 50 yenye namba ya kufungulia uwezo zaidi kwenye kichakataji cha Pentium G6951, mnunuzi hakuongezewa kitu. Alifunguliwa uwezo uliokuwa umeshachongwa kwenye silikoni.

Tangazo la duka linaloandika “kuboresha bayosi” humfanya mnunuzi atarajie nguvu mpya pale ambapo kuna marekebisho tu, naye hulipia matarajio hayo. Tuseme kusasisha programu dhibiti, na kuboresha tukiachie kichakataji, kumbukumbu na diski. Na kabla ya kutoa hela, muulize fundi maswali matatu kwa mfuatano huu: kichakataji kiko kwenye soketi au kimelehemiwa? Umeme na feni vitakimudu kipya? Je, programu dhibiti inakitambua? La kwanza likijibiwa “kimelehemiwa”, hayo mengine huna haja ya kuyauliza. Fedha yako iweke kwenye kumbukumbu au diski ya kasi.