Kolumbario na Kidaka: Jina la Mahali pa Majivu ya Marehemu

Kolumbario ni jengo, chumba au ukuta wenye vijumba vingi vilivyopangwa kwa safu, ambamo vyombo vyenye majivu ya watu waliochomwa baada ya kufa huwekwa, kisha mlango wa kila kijumba hufunikwa kwa bamba lenye jina la marehemu na miaka yake. Neno hili ni la Kilatini, nalo limetokana na columba, yaani njiwa, kwa kuwa safu hizo ziliwakumbusha Warumi banda la ndege huyo. Tangu zama za Kaisari Augusto vyumba vya namna hii vilichimbwa kando ya barabara zitokazo mjini Roma, na kimoja kati yake, kinachojulikana kwa jina la Pomponius Hylas na kilichofukuliwa mwaka 1831, kingali kinaonekana karibu na lango la Porta Latina. Waliowekwa humo aghalabu hawakuwa wakubwa wa dola. Kolumbario ya jamaa ya Livia, mke wa Augusto, ilikuwa ya watumwa na watumwa walioachwa huru, watu ambao bila kijumba hicho majina yao yasingeandikwa popote.

Kabla ya kulitafutia jina jengo, inafaa kulitazama neno majivu lenyewe. Kinachotoka katika tanuri la kuchomea maiti, ambalo joto lake hufikia kati ya nyuzi 760 na 1,000 za Selsiasi, si jivu jepesi la kuni linalopeperuka jikoni, bali ni vipande vya mifupa vinavyosagwa kwa mashine mpaka viwe unga mzito, ambao kwa mtu mzima huwa na uzani wa kilo 2 hadi 3 hivi. Tena katika Kiswahili jivu limebeba maana ya unyonge, kama inavyodhihirika katika methali “Moto huzaa jivu”, isemwayo juu ya mzazi hodari aliyezaa mtoto asiyefaa kitu. Hata hivyo, maneno yanayoweza kushika nafasi yake nayo yana kasoro: mabaki hukumbusha chakula kilichosazwa, na masalia yamekwisha kuzoeleka katika akiolojia. Kwa hiyo majivu ya marehemu, yakitajwa kwa ukamilifu bila kukatwa, ndiyo yanayobaki na heshima, kwa sababu humtaja mtu pamoja na kilichobaki kwake.

Lugha haikuwa na jina la jengo hili kwa kuwa wasemaji wake hawakulihitaji. Waislamu huzika, na dini yao hairuhusu maiti ichomwe. Wakristo wengi nao huzika, ingawa Kanisa Katoliki liliondoa katazo la uchomaji mwaka 1963, na katika waraka wa 2016 likaagiza kwamba majivu yahifadhiwe mahali patakatifu, yasitawanywe. Na Wahindu wa Afrika Mashariki, wenye desturi hii tangu zamani, kwa kawaida huyakabidhi majivu kwa maji ya mto au ya bahari. Ndiyo maana mfasiri anayekutana na kolumbario huandika hifadhi ya majivu, jina lisilokosea lakini lisiloeleza, kwani kaburi na hata kabati huhifadhi pia. Nyumba ya njiwa, japo ni tafsiri aminifu ya Kilatini, humpeleka msomaji kwa ndege, na tundu, ambalo ni shimo na pia ni kizimba cha kuku, lina ubaya zaidi, kwa maana hakuna mtoto atakayeridhika kusema kwamba mama yake yumo tunduni.

Jina lililo bora limo katika nyumba za mawe za pwani. Kidaka, ambacho watu wa Lamu hukiita kwa wingi zidaka, ni kijumba kilichoachwa ndani ya unene wa ukuta, kikapambwa kwa chokaa iliyonakshiwa, na humo huwekwa vitu vya thamani, kama vile vyombo vya kauri na vitabu. Ni kweli kwamba kidaka pia ni nazi changa kabla haijawa kitale, lakini muktadha hutenganisha maana hizo bila taabu. Kisha, pwani hiyohiyo ilikwisha kukutanisha ukuta, chombo cha thamani na marehemu, kwani mabakuli ya kauri kutoka Uchina yalipachikwa katika makaburi ya nguzo ya Mambrui na Kunduchi. Makaburi hayo ni ya waliozikwa, wala hayahusiani na uchomaji, ila yanaonyesha kwamba taswira si ngeni. Hivyo kolumbario ni ukuta wa vidaka, au nyumba ya vidaka ikiwa ni jengo zima.

Usahihi huu una faida kwa mfiwa anayechagua ukumbusho wa kudumu, kwa kuwa kidaka, kaburi la majivu na kutawanya majivu ni mambo matatu yasiyofanana. Majivu ya Wangari Maathai, aliyefariki Septemba 2011 na kuchomwa Nairobi katika jeneza la mianzi, mafunjo na magugu maji kwa sababu hakutaka mti ukatwe kwa ajili yake, yalizikwa katika taasisi ya Chuo Kikuu cha Nairobi yenye jina lake, kwa hiyo pana mahali pa kwenda. Sehemu ya majivu ya Mahatma Gandhi ilitiwa katika mto Nile huko Jinja mwaka 1948, na waombolezaji wa leo huelekea kwenye sanamu iliyozinduliwa hapo mwaka 1997, maana maji hayana alama. Kidaka kina alama, lakini hakidumu sikuzote: nchini Ufaransa, ambako sheria ya Desemba 2008 inazuia majivu kuwekwa nyumbani, kidaka aghalabu hutolewa kwa muda wenye kikomo, mathalani miaka 30, na usipolipiwa upya majivu huweza kuondolewa. Basi anayetia saini mkataba wa kidaka na asome kwanza idadi ya miaka.